Ahmedabad, jiji la malango: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mila, usasa na ramani ya mji

Maswali haya huulizwa tena na tena na wanafunzi wa mipango miji, wasafiri, na watu ambao wamesikia habari za Gujarat tangu utotoni bila kuwahi kufika. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale magumu. Pale jibu moja linapotegemea jingine, utaelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

Ahmedabad iko wapi, na kwa nini tuisome yenyewe badala ya Delhi au Mumbai?

Iko magharibi mwa India, katika jimbo la Gujarat, kwenye kingo mbili za mto Sabarmati. Sensa ya 2011 ilikuta zaidi ya watu milioni 5.5 ndani ya mipaka ya jiji. Jimbo lilipoundwa mwaka 1960, Ahmedabad ndiyo iliyokuwa makao makuu, hadi serikali ilipohamia Gandhinagar, mji mpya uliojengwa upande wa kaskazini, mwaka 1970.

Wanaosoma miji huipenda kwa sababu enzi zake zimelala ubavu kwa ubavu na hazijazikana. Panda basi upande wa mashariki uelekee magharibi: utapita vitongoji vya viwanda vya karne ya 19, utaingia mji wa sultani wa karne ya 15, utavuka mto, utakutana na mitaa ya miaka ya 1920 na 1930, kisha minara ya vioo. Kila mkanda unakuonyesha namna watu wa wakati huo walivyochagua majirani, na kwa maoni yangu huo uchaguzi wa majirani umechora ramani ya jiji hili kuliko kalamu ya mpimaji yeyote.

Nani aliupanga mji wa kwanza?

Sultan Ahmad Shah I, mwaka 1411, kwenye ukingo wa mashariki wa Sabarmati. Alianza na ngome ya Bhadra iliyoegemea mto. Mbele ya ngome akaacha uwanja wa gwaride na mikutano, na mwisho wa uwanja likasimamishwa Teen Darwaza, lango la matao matatu ambalo watu hupita chini yake hadi leo. Ukiendelea na barabara hiyohiyo unafika Msikiti wa Ijumaa, uliokamilika 1424, kisha kaburi la sultani mwenyewe, kisha soko la Manek Chowk. Utawala, ibada, mazishi na biashara vyote vimepangwa kwenye mstari mmoja.

Nje ya mstari huo sultani hakujishughulisha sana. Mamwinyi wake walipewa maeneo, kila mmoja akajenga msikiti na soko dogo, akaita watu wake wakae. Vitongoji hivyo viliitwa pura, na majina kama Saraspur na Usmanpura bado yako kwenye ramani. Tangu mwanzo basi, barabara kuu zilikuwa za mtawala na vichochoro vilikuwa vya wenyewe. Mgawanyo huo ndio ufunguo wa maswali mengi yafuatayo.

Ukuta wa mji uko wapi sasa?

Umebomolewa karibu wote. Ukuta, ambao kwa desturi hunasibishwa na Sultan Mahmud Begada mwishoni mwa karne ya 15, ulikuwa na mzunguko wa takriban kilomita 10 na malango 12. Waingereza waliutengeneza miaka ya 1830 kwa kodi iliyosimamiwa na kamati ya wenyeji, na manispaa ya Ahmedabad ikakulia ndani ya kamati hiyo. Yaani serikali ya mji ilizaliwa ili kutunza ukuta, na karne moja baadaye ikawa ndiyo inayouangusha ili hewa na magari vipite.

Malango mengi yamebaki: Delhi Darwaza, Dariyapur, Kalupur, Raipur, Astodia. Yamesimama katikati ya barabara bila ukuta kushoto wala kulia, na daladala za huko, zile bajaji za kubeba watu wengi, huyatumia kama vituo.

## Pol: mtaa wenye mlango

Pol ni nini hasa?

Ni mtaa mdogo uliojifunga. Kutoka barabara kuu unaona lango, mara nyingi la mbao, lenye chumba cha mlinzi juu yake. Ukiingia, kichochoro kinajikunja mara mbili tatu, kinatoa vichochoro vidogo zaidi, na kinaishia kwenye ukuta. Hakuna pa kutokea ila ulikoingilia, ingawa wenyeji walikuwa na vijia vya siri vya kupenya kutoka pol moja hadi nyingine. Ndani kuna kisima, hekalu, ubao wa matangazo, na mnara mdogo wa kulishia ndege. Zamani lango lilifungwa usiku.

Pol ni nyingi mno, mamia, na hazilingani. Nyingine ina nyumba chache tu. Ile iitwayo “Mandvi ni Pol” ni kubwa kiasi cha kuwa na pol nyingine tumboni mwake. Unaweza kuishi hapo miaka na bado ukapotea.

Kwa nini watu walijifungia hivyo?

Sababu ya kwanza ni usalama. Karne ya 18 Wamughal waliokuwa wanadhoofika na Wamaratha waliokuwa wanapanda waligombania Ahmedabad, na mji ukaporwa na kutozwa fidia. Wakazi walipoona mtawala hawezi kuwalinda, kila kundi likajitilia mlango wake. Mahurat Pol, karibu na Manek Chowk, husemwa kuwa ndiyo ya kwanza.

Lakini ingekuwa usalama peke yake, milango ingeondolewa amani iliporudi. Haikuondolewa. Waliokaa pamoja walikuwa wa tabaka moja la kuzaliwa, au wa kazi moja, au wa dini moja: masonara hapa, Wajaini (wafuasi wa dini ya Kihindi inayokataza kudhuru viumbe) wenye maduka pale, Wabrahmani wa Nagar kule. Watu wa aina hiyo wanaoana wao kwa wao, wanakula pamoja wakati wa harusi, na wanaabudu hekalu moja. Pol iliwapa ukumbi wa kufanyia yote hayo bila kualika mji mzima.

Nani aliruhusiwa kununua nyumba ndani ya pol?

Hilo liliamuliwa na panch, baraza la wazee wa pol. Kwa desturi, anayetaka kuuza au kuweka rehani nyumba ilimbidi kwanza aitangaze kwa wenzake wa ndani, na mgeni hakupata nafasi mpaka wenyeji wawe wamekataa. Aliyevunja utaratibu alitozwa faini. Harusi na mauziano yalilipiwa ada, na fedha hizo zilitengeneza lango, zikalipa mlinzi, zikafagia kichochoro.

Ukitazama vizuri, hiyo ni serikali ya mtaa kamili: ina kodi, ina ulinzi, ina sheria ya ardhi. Kosa la wageni wengi ni kuiona pol kama mtindo wa majengo tu. Mbao zilizochongwa zinavutia macho, lakini kilichoishikilia pol ni lile daftari la michango. Utaona jinsi daftari hilo lilivyovuka mto katika swali la sosaiti, hapo chini.

Nyumba za pol zimejengwaje?

Ni nyembamba kwa mbele na ndefu kwenda nyuma, zimegusana kuta, za ghorofa mbili hadi nne. Mbele kabisa kuna otlo, kibaraza kilichoinuka ambapo watu hukaa jioni, huchambua mboga na kusemana. Baada ya mlango kuna sebule ndogo, kisha uwanja wa ndani ulio wazi juu, kisha vyumba vya nyuma. Mgeni wa kawaida huishia otlo; wa karibu hufika uwanjani; vyumba vya ndani ni vya familia, na kwa karne nyingi vilikuwa hasa himaya ya wanawake. Kwa hiyo kiwango cha heshima na undugu kinaweza kupimwa kwa hatua ulizoruhusiwa kuingia.

Chini ya uwanja kuna tanka, tangi la chini kwa chini linalopokea maji ya mvua kutoka paani kwa mabomba ya shaba. Mvua ya msimu mmoja ilikusudiwa kunyweka mwaka mzima. Joto la Mei hupita nyuzi 40 mara kwa mara, na mwaka 2016 lilifika 48. Vichochoro vyembamba na nyumba zilizobanana hutupa kivuli karibu siku nzima, na uwanja wa ndani huvuta hewa ya moto juu. Mtu aliyehamia ghorofa ya zege magharibi mwa jiji hulipia umeme kwa ubaridi ambao babu yake aliupata bure.

Na kuna jambo la tetemeko. Tarehe 26 Januari 2001, tetemeko kubwa la Bhuj liliangusha majengo kadhaa ya ghorofa ya zege jijini Ahmedabad, mamia wakafa. Nyumba za pol, zenye fremu ya msaji iliyojazwa matofali, kwa sehemu kubwa zilitikisika na kubaki. Mbao hupinda, zege lililojengwa kwa haraka halina subira hiyo.

Ule mnara wa ndege ni wa nini?

Unaitwa chabutro. Ni nguzo yenye kijumba cha nakshi juu, na wakazi huweka nafaka kwa ajili ya njiwa, kasuku na shomoro. Kulisha viumbe ni thawabu kwa Wajaini na Wahindu, na miti iliyokatwa kupisha nyumba ilidai fidia. Gharama zilitoka mfuko wa pol.

Je, Waislamu na Wadaliti nao waliishi kwenye pol?

Waislamu, ndiyo, katika mitaa yao yenye mpangilio uleule wa lango na vichochoro, na Mabohora walikuwa na mitaa yao mizuri sana. Pol ya Wahindu na mtaa wa Waislamu mara nyingi vilipakana ukuta kwa ukuta, watu wakikutana sokoni kila siku lakini si jikoni.

Wadaliti, waliotengwa chini kabisa ya ngazi ya matabaka, hawakuwa na nafasi katika pol za wengine. Walikaa pembezoni, na walipoingia mjini kwa wingi ilikuwa kwa ajili ya viwanda.

## Viwanda, mabomba na mto

Reli na viwanda vilibadili nini kwenye ramani?

Vilihamishia uzito wa mji mashariki. Ranchhodlal Chhotalal alifungua kiwanda cha kwanza cha nguo mwaka 1861. Reli ya kutoka Bombay ikafika 1864 na kituo kikawekwa Kalupur, nje kidogo ya ukuta. Viwanda vikafuata reli: Saraspur, Gomtipur, Asarwa. Mji ukapata sifa ya kuwa Manchester ya India.

Wafanyakazi walijengewa chali, safu za vyumba vya mstari mmoja vyenye bomba la pamoja. Kuna jambo hapa linalostahili kukaliwa. Waliotabiri usasa walidhani kiwanda kingeyeyusha matabaka, kwa kuwa mashine haimwulizi mtu ukoo wake. Ikawa kinyume. Katika kufuma, mfumaji alilazimika kufyonza uzi kwa mdomo ili upite kwenye tundu la kipande cha mbao kinachoupitisha kitambaani, na kipande hicho kilipokezanwa mikono. Wafumaji Waislamu na Wahindu wa matabaka ya juu hawakukubali kugusisha midomo pale alipogusisha Mdaliti. Basi Wadaliti wakawekwa idara ya kusokota, yenye mshahara mdogo. Chali nazo zikagawanyika vivyo hivyo. Ngazi ya kijijini ikapata anuani ya mjini.

Kuanzia miaka ya 1980 viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine. Kilichopotea si ajira tu. Kiwanda kilikuwa mahali pa pekee ambapo Mwislamu, Mpatidar (wa tabaka la wakulima wenye ardhi) na Mdaliti waliingia geti moja kila asubuhi, hata kama walikwenda idara tofauti.

Ni kweli watu walipinga mifereji ya maji machafu?

Ni kweli. Ranchhodlal, yule yule wa kiwanda, aliongoza manispaa miaka ya 1880 na 1890, akasukuma maji ya bomba na mifereji ya chini. Wengi walipinga. Kodi ilikuwa sababu, lakini kulikuwa pia na wasiwasi wa unajisi: maji ya kisima chako unajua nani kayachota, maji ya bomba hujui. Bomba lilimtoa mtu katika kisima cha wenzake likamfanya mteja wa mji. Nadhani hakuna kifaa cha kisasa kilichoichokoza pol kama hicho.

Kwa nini matajiri walivuka mto?

Kwanza ilihitajika daraja. Ellis Bridge la mbao lilijengwa 1870–71, mafuriko ya 1875 yakalichukua, na la chuma likasimama 1892. Hata hivyo, watu hawakuhamia kwa haraka. Ng'ambo ilikuwa mashamba.

Miaka ya 1920 na 1930 ndiyo iliyofungua mlango. Mji wa ndani ulikuwa umefurika, maradhi yalikuwa mengi, na Vallabhbhai Patel, aliyeongoza manispaa 1924 hadi 1928, aliunga mkono kubomoa ukuta na kupima maeneo mapya. Wanasheria, madaktari na wenye viwanda wakajenga nyumba zenye bustani upande wa Ellis Bridge. Waliacha wazazi na hekalu pol, wakawa wanarudi kwa sikukuu. Baadaye waliacha kurudi hata kwa sikukuu, ila ile ya tiara (tazama sehemu ya mwisho).

Gandhi anaingia wapi katika habari hii?

Alirejea kutoka Afrika Kusini mwaka 1915 akafungua makazi yake Kochrab, upande wa magharibi, kisha 1917 akahamia ukingoni mwa Sabarmati, kaskazini. Alipompokea Kochrab Mdaliti pamoja na familia yake, wafadhili walikata michango na kukawa na manung'uniko kuhusu kisima. Mwaka 1918 aliongoza mgomo wa wafanyakazi wa viwandani, na miaka miwili baadaye kikaundwa chama chao kikubwa. Lakini tukiuliza alibadili nini kwenye mpangilio wa mitaa, jibu ni kidogo. Makazi yake yalichanganya watu, mji haukuiga.

## Sosaiti, sheria na ujirani

Sosaiti ni nini, na inahusianaje na pol?

Ni chama cha ushirika cha nyumba. Watu wanajiandikisha, wananunua shamba kwa pamoja, wanaligawa viwanja, wanajenga ukuta kuzunguka na geti mbele. Pritamnagar, karibu na Ellis Bridge, ni miongoni mwa za mwanzo, na tangu miaka ya 1920 karibu upande wote wa magharibi umejengwa kwa njia hii.

Wanachama wa kwanza walikuwa nani? Watu waliojuana: wa pol moja, wa tabaka moja, wa dini moja. Panch ikawa kamati tendaji yenye mhuri. Mfuko wa pol ukawa ada ya matengenezo. Mlinzi wa juu ya lango akapata kibanda na daftari la wageni. Nyumba zilibadilika kabisa, kila moja na ua wake na jua lake, ila kanuni ya kuingia ikabaki. Mimi huona hapa ndipo penye kiini cha mji huu: usasa haukuvunja lango, uliliandikisha.

Sheria inaruhusu kweli mtaa kuchagua dini au kabila la wakazi?

Katika vyama vya ushirika, Mahakama ya Juu ya India ilisema inaruhusiwa. Kesi ilitoka Ahmedabad hapa hapa: mwanachama wa sosaiti ya Waparsi, jamii ndogo ya wafuasi wa Zarathustra, alitaka kuendeleza kiwanja chake na kuwauzia watu wasio Waparsi, sosaiti ikakataa kwa kutumia katiba yake. Mwaka 2005 mahakama iliipa sosaiti ushindi, ikisema watu wanaojiunga kwa hiari wana haki ya kuweka masharti ya uanachama.

Kwa jamii ndogo kama Waparsi hoja hiyo ina uzito. Ila sheria ileile hutumiwa na walio wengi kuwafungia mlango walio wachache, na hapo ndipo mjadala huwaka moto.

Nimesikia kuna sheria inayomtaka muuzaji wa nyumba aombe kibali. Ni ipi?

Ni sheria ya Gujarat ya maeneo yenye machafuko, ya mwaka 1986, iliyotungwa upya 1991. Katika mitaa iliyotangazwa, huwezi kuhamisha nyumba bila kibali cha mkuu wa wilaya. Kusudi lililotajwa lilikuwa jema: baada ya ghasia za Wahindu na Waislamu, watu walikuwa wakiuza kwa bei ya kutupa ili wakimbie, na serikali ilitaka kuhakikisha anayeuza hashurutishwi.

Matokeo yamekuwa mengine. Mwislamu anayetaka kununua katika mtaa wa Wahindu, au kinyume chake, hukutana na pingamizi la majirani na faili lisilotoka ofisini. Maeneo yaliyotangazwa yameongezeka hata miaka isiyo na ghasia. Kwa hiyo sheria iliyokusudiwa kuzuia kuhama kwa hofu imegandisha utengano palepale ulipofikia.

Juhapura ilitokeaje?

Mwaka 1973 Sabarmati ilifurika, na familia za vibanda vya kingoni, Wahindu na Waislamu, zikahamishiwa Sankalitnagar, kusini magharibi mwa jiji. Hiyo ndiyo mbegu. Kila wimbi la ghasia, 1985, 1992 na hasa 2002, lilisukuma Waislamu zaidi kuelekea huko na Wahindu kutoka. Leo Juhapura ni mojawapo ya makazi makubwa kabisa ya Waislamu nchini India, na ndani yake wamo maskini, mawakili, wahandisi na wafanyabiashara wenye fedha za kukaa popote kama wangeuziwa.

Huduma zilichelewa sana kufika. Kwa muda mrefu eneo lilikuwa nje ya mipaka ya manispaa, na wakazi walijitafutia shule na zahanati zao wenyewe.

Je, chakula nacho kinahusika?

Sana. Wajaini na Wahindu wengi wa Gujarat hawali nyama, na swali la "mnakula nini?" hufanya kazi ya swali la dini na tabaka bila kulitaja. Mpangaji anayekula nyama, hata kama ni Mhindu kutoka Bengal, huhangaika kupata fleti upande wa magharibi. Novemba 2021 manispaa ilitangaza kuondoa vibanda vya nyama na mayai kwenye barabara kuu. Mwezi uliofuata Mahakama Kuu ya Gujarat iliuliza kwa ukali ni nani awaamulie watu chakula chao.

## Jiji la leo

Serikali hupata wapi ardhi ya barabara mpya?

Kwa mipango ya upimaji ya eneo kwa eneo, mfumo ulioanzia sheria ya Bombay ya 1915. Badala ya kumfidia mkulima na kumwondoa, serikali hukusanya mashamba ya eneo zima, huchora barabara, shule na bustani, kisha humrudishia kila mwenye shamba kiwanja kidogo zaidi kilichonyooka. Anachopoteza hufika asilimia 40 hivi ya eneo, na anachobakiza hupanda thamani. Barabara ya mzunguko ya Sardar Patel, kilomita 76, ilipatikana kwa kiasi kikubwa kwa njia hii, bila mikasa ya kubomolewa inayojulikana kwingine.

Anayefaidi ni mwenye shamba. Mpangaji na mwenye kibanda hawamo kwenye hesabu.

Ukingo wa mto ule unaosifiwa una kasoro gani?

Mradi ulianza kujengwa 2005 na kufunguliwa kwa umma hatua kwa hatua kuanzia 2012. Mto umebanwa kuwa na upana mmoja wa mita 263, na kingo zenye njia za matembezi zimepata takriban hekta 200 za ardhi mpya. Maji unayoyaona si ya Sabarmati hasa; huletwa na mfereji wa mto Narmada na kuzuiwa na bwawa la Vasna. Hapo kabla, sehemu kubwa ya mwaka mto ulikuwa mchanga, na juu ya mchanga huo watu walilima matikiti, walipaka rangi vitambaa, walifua nguo, na walifuga punda.

Maelfu ya familia za kingoni zilihamishwa, nyingi kwenye fleti za mbali na kazi zao, baada ya kesi ndefu. Waliopata fleti walipangwa kwa bahati nasibu, lakini majirani wa Kihindu na Kiislamu waliozoeana kingoni mara nyingi waliishia majengo tofauti. Soko la Jumapili la Gujari, ambalo mapokeo hulihusisha na Ahmad Shah mwenyewe, lilipigania nafasi yake na likabaki, kwenye sakafu mpya yenye meza za saruji.

Usafiri wa kisasa umeunganisha pande mbili?

Kwa mwili, ndiyo. Mabasi ya mwendokasi yalianza 2009, na metro 2019. Njia ya mashariki–magharibi hupita chini ya mji wa zamani na ina stesheni Kalupur na Ghee Kanta. Fundi wa Gomtipur sasa anafika kazini magharibi bila kubadilisha magari matatu. Jioni anarudi Gomtipur.

Kuorodheshwa na UNESCO kumeokoa pol?

Ahmedabad ilikuwa mji wa kwanza wa India kuorodheshwa kama Mji wa Urithi wa Dunia, Julai 2017. Wenye nyumba za urithi wamepewa haki za ujenzi wanazoweza kuziuza kwa wajenzi wa kwingine, ili wapate fedha za ukarabati. Nyumba kadhaa zimegeuzwa hoteli ndogo nzuri.

Tatizo liko kwenye urithi wa kifamilia. Nyumba moja inaweza kuwa na warithi 20, wengine wako London au New Jersey, na hakuna sahihi inayopatikana. Inakodishwa kuwa ghala la karatasi au karakana, mbao zinaoza. Geti lipo, ubao wa matangazo upo, ila mfuko wa michango umekauka.

## Maswali ya pembeni

Kuna uhusiano wowote na pwani yetu ya Afrika Mashariki?

Upo, wa aina mbili. Karibu na Bhadra kuna Msikiti wa Sidi Saiyyed, wa 1572–73, wenye dirisha la jiwe lililotobolewa kwa umbo la mti, ambalo limekuwa nembo ya jiji. Aliyeujenga alikuwa mtu wa asili ya Afrika, mmoja wa Wahabeshi waliopanda vyeo katika utawala wa Gujarat.

Wa pili ni wa biashara. Wahindi wa Zanzibar na Mombasa wengi walitoka Kutch, Kathiawar na Surat kuliko Ahmedabad, kwa hiyo usitafute babu wa jirani yako kwenye pol. Lakini ufundi wa milango ya nakshi ulivuka bahari pamoja nao, na atokaye Mji Mkongwe hatahitaji kuelezwa otlo ni nini.

Sikukuu zinaathiri mpangilio wa mji?

Rath Yatra ndiyo mfano mkubwa. Magari ya mbao ya miungu hutoka hekalu la Jagannath, Jamalpur, hupita mji wa zamani, hupumzika Saraspur, inayohesabiwa kuwa ujombani kwa mungu huyo, na kurudi. Maandamano hayo ya tangu 1878 hupita mitaa ya Waislamu pia, na katika miaka ya ghasia njia yenyewe ndiyo iliyokuwa ugomvi. Njia hiyo ina uzito kuliko mpango wowote wa barabara: kuipinda ni jambo la siasa.

Tarehe 14 Januari ni Uttarayan, siku ya tiara. Mapaa ya pol yamekaribiana kiasi kwamba mtu huzungumza na jirani wa kichochoro cha pili, na waliohamia magharibi hurudi, wengine wakilipa kukodi paa.

Nina siku moja tu. Nianzie wapi?

Anzia hekalu la Swaminarayan la Kalupur asubuhi, ambako hutoka matembezi ya urithi yenye kiongozi, yaliyoanzishwa 1997. Utapitishwa pol kadhaa hadi Msikiti wa Ijumaa. Mchana uvuke mto uone taasisi ya usimamizi aliyoibuni msanifu majengo Louis Kahn kwa matofali mekundu, kama wanaruhusu wageni siku hiyo. Usiku rudi Manek Chowk: mchana ni soko la vito na dhahabu, maduka yakifungwa watu huweka meza na kuuza vyakula hadi baada ya saa sita. Ikiwa siku yako ni Jumapili, weka Gujari kabla ya yote, na ufike mapema.